Ukuta Katikati ya Korido

Longinus mume wangu ukimpa kazi ya mikono, huna wasiwasi. Ukimpa neno asikie, umemaliza mate yako bure. Nilimwambia tangu tofali la kwanza, baba, huu ukuta utatutoa roho. Akaendelea kupanga tofali kama vile nimeongea na mbuzi.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka wa Operesheni Vijiji, tulipoteremshwa kutoka milima ya juu ya Gwarama tuje kukaa kwa mistari kando ya barabara. Kila familia kiwanja chake, na ramani ya nyumba ni moja kwa wote: mlango wa mbele, mlango wa nyuma, korido imenyooka katikati, vyumba viwili huku na viwili huku. Jiko nje, choo nyuma kabisa. Ramani nzuri, sikatai. Ila aliyeichora hakufikiria mama mkwe wa Kiha hata kidogo.

Mama yangu, Josepha, alikuwa mtu wa zamani hasa. Miaka kumi na moja nimeolewa, na miaka yote hiyo hajamtazama Longinus usoni, wala Longinus hajamtazama yeye. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Mama hata jina lake halitaji, anasema "huyo wako". Si chuki, jamani, ni heshima. Kwa watu wa umri wake mama mkwe na mkwewe hawaonani, hawali pamoja, hawapiti mlango mmoja. Kule mlimani haikuwa taabu, maana nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya migomba. Sasa mgambo walikuwa waje kuibomoa Jumamosi, na mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki naye. Akanijibu wazi: "Kama ni kupita mlango mmoja na huyo wako, niacheni. Waiangushe nikiwa humo ndani." Mama yangu hakuwa mtu wa kutishia bure. Usingizi ulinihama.

Basi Longinus akachuchumaa kiwanjani na kijiti, akachora ya kwake. Nyumba ikatwe katikati kwa ukuta. Nusu ya mbele yetu, nusu ya nyuma ya mama, alale huko na wajukuu zake watatu, atumie mlango wa nyuma. Nikatazama ule mchoro nikamwuliza, "Na wewe choo utakiendea wapi?" Njia ya choo ilipita mbele ya mlango wa mama. Kila asubuhi mwenye nyumba angebanwa tumbo akingoja mama mkwe aende shamba! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka hata kidogo. Akafuta kwa mguu, akachukua jembe, akaanza kuchimba choo cha pili pembeni, na kukizungushia ua wa matete. Vyoo viwili kiwanja kimoja, kama shule.

Ukuta ukasimama. Kila mtu aliyepita aliusifu, isipokuwa Bwana Gharibu.

Bwana Gharibu alikuwa bwana afya, mtu wa pwani, kaletwa kwetu kukagua nyumba mpya. Alikuja Jumatano na futi yake ya kamba na chaki mfukoni. Alama ya vema mlangoni, unahamia. Alama ya mkato, nyumba inabomolewa na kiwanja anapewa mwingine. Aliingia kwa mbele, akatembea hatua sita, akagonga ukuta kwa kiganja.

"Hiki nini?"

"Ukuta," Longinus akasema.

"Naona ni ukuta. Uondoe. Jumamosi asubuhi nakuja. Nikiukuta, naweka mkato."

Nikaingilia. Nikamweleza habari ya mama yangu, nikajishusha, nikamwita ndugu, nikamwita mheshimiwa, nusura nimwite baba. Akanisikiliza mpaka mwisho, nasema kweli. Kisha akatikisa kichwa akasema hakuitunga yeye sheria ya korido kuwa wazi, akatoka.

Siku tatu hizo tulizozana usiku na mchana. Mimi nasema vunja, tutatundika mkeka. Yeye anasema, "Mama yako akikuta mkeka, anarudi mlimani. Unataka niitwe mtu aliyemwua mama mkwe wake?" Nikimwambia tukikosa nyumba watoto watalala mvuani, ananijibu na mama yako je? Nilimchukia, na kila alilosema lilikuwa kweli.

Ijumaa mama akashuka. Akaingia kwa mlango wa nyuma na chungu, mkeka na panga lake, wala hajaketi akaanza kutukosoa. Sakafu haikusiribwa vizuri, rudieni kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Nguzo hazina majivu chini, mnataka mchwa waile nyumba kabla hamjaikalia nyinyi? Nyasi mpya za paa zinataka moshi siku tatu. Halafu akaufikia ukuta. Akauegemea kwa bega, akausukuma, haukutikisika. "Huyo wako ana mkono," akasema, na akatandika mkeka wake. Nilitaka kumwambia habari ya Jumamosi. Badala yake nikachukua chungu chake, nikaenda kuteka maji.

Jumamosi jua halijapanda vizuri, Bwana Gharibu huyo, na mgambo wawili nyuma yake. Kule mlimani vumbi lilikuwa limeshaanza kupanda, nikajua wamefika kwa mama. Hapa sasa hakuna tena pa kurudi.

Longinus alikuwa amesimama ndani ya korido, mgongo ukutani, jembe mkononi.

"Ndugu Longinus, toka hapo."

"Atakayeugusa aanze na mimi."

"We bwana usinitafutie kesi!" Bwana Gharibu alikuwa ameloa jasho. "Unadhani mimi napenda kubomoa nyumba za watu? Nani analala huko nyuma?"

"Mama mkwe wangu na wanangu."

"Wangapi?"

"Watatu."

"Nyumba ya nyasi! Moto ukishika huko kwenye mlango wa nyuma, na ukuta wako huo umeziba, hao watoto watatokea wapi? Niambie, watatokea wapi?"

Aibu ilinishika, maana katika kupima kote kule tulipima macho ya watu wazima tu. Lakini Longinus hakusogea. Mgambo mmoja akapiga hatua. Bwana Gharibu akageukia mlango, akainua chaki, nami nikamrukia nikaushika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili. Ndiyo, nilimshika mtu wa serikali! Hata sijui nilikuwa napiga kelele gani.

Hapo tukasikia kitu kinakwaruza.

Kilikuwa kwenye ukuta, upande wa pili. Kilikwaruza, kikanyamaza, kikakwaruza tena. Tofali moja, usawa wa bega la Longinus, likacheza, likarudi ndani, likapotea. Mwanga wa mlango wa nyuma ukaingia. Mkono wa mama yangu ukatokea, ukashika tofali la pili.

Longinus aliona mkono ule akatupa jembe. Akageuka haraka, akabandika uso kwenye ukuta wa pembeni, akaziba macho kwa viganja. Mwanamume mzima, kama mtoto anayecheza kujificha. Hakuna aliyecheka. Tulisimama wote wanne tukimtazama bibi kizee akikwangua udongo kwa ncha ya panga na kutoa tofali moja baada ya jingine, bila haraka, mpaka mtu akaweza kupita.

Akapita. Kitenge kilikuwa kimefunika kichwa mpaka puani. Korido ilikuwa nyembamba, na alipofika nyuma ya mgongo wa Longinus akasimama.

"Longinus," akasema.

Mume wangu akazidi kubana viganja machoni.

"Naam, mama."

"Tofali nimezitoa nzima. Zijengee jiko."

"Ndiyo, mama."

Akatoka kwa mlango wa mbele. Bwana Gharibu akampisha, akaandika vema bila kunitazama, akaondoka na watu wake.

Nilimfuata mama nikilia. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara, ameipa nyumba kisogo. Nikamwambia aje ndani apate chai. Akashika kitenge chake kwa mikono miwili, akakivuta kifuani, akakaza.

"Leo ni kama nimevuliwa nguo mbele ya mkwe wangu, Ernesta," akasema. "Niache kidogo nivae."

Nikamwacha. Ndani Longinus alikuwa anabeba tofali kwenda nje, moja moja, kwa mikono miwili, na machozi yakimtoka.