Baba Wawili wa Léa

Mimi ni mtu wa hasira. Mtaa wetu wote wa Katuba unajua, na mke wangu Hortense anajua kuliko Katuba nzima. Kwa hiyo mkisikia kwamba mimi, Zéphirin, fundi wa nguo, nilifagia uwanja wa shule nimevaa suti ya injinia, mbele ya watoto mia tatu, bila kumtukana hata mtu mmoja, msifikiri nimebadilika. Kulikuwa na sababu. Sababu yenyewe inaitwa Léa, ni binti yangu.

Lakini ngoja nianze na makoti. Fundi yeyote wa Lubumbashi ana nguo za watu ambao hawarudi. Mtu analeta kitambaa, anapimwa, anakupigia kelele kwamba harusi ni Jumamosi, halafu anapotea. Ukutani kwangu yananing'inia makoti manne ya namna hiyo: jeusi la injinia, pamoja na suruali yake, la kijivu la mchungaji, la mistari la mtu wa forodha, na la kahawia la bwana mmoja ambaye nadhani alibadili mawazo juu ya harusi yenyewe. Na koti likikaa sana ukutani linataka kutembea.

Mbele ya duka langu kuna shule. Mtoto akichelewa mara tatu anapewa barua: rudi na mzazi. Mtoto hataki mzazi ajue. Anatazama ng'ambo ya barabara, anaona mzee mwenye mvi za heshima na makoti manne. Mmenielewa. Mara ya kwanza nilikwenda kwa huruma tu. Mwaka haujaisha nilikuwa baba wa watoto kumi na mmoja, kila mmoja kwa chupa ya sukre, soda baridi.

Na kazi niliijua! Nilikuwa na kadaftari: jina la mtoto, darasa, siku ya kuzaliwa, ugonjwa aliowahi kuugua, mwalimu asiyempenda. Nilikariri huku nashona. Nikifika ofisini nilimkaripia mtoto kwa sauti mpaka walimu wenyewe wananiomba, "Baba, basi, umuhurumie." Kwa mara ya kwanza hasira yangu ilikuwa na faida.

Léa je? Léa alikuwa mambo ya mama yake. Hortense alimwandikisha, Hortense alienda mikutano. Hata siku aliponiambia amemhamisha shule, nilikuwa na pini mdomoni. Nilijibu "mm."

Sasa, mwezi wa tatu, Hortense alikuwa amekwenda Pweto kununua samaki wakavu. Siku hiyo kijana mmoja anaitwa Dieumerci aliingia dukani. Hakuwa wa shule ya mbele. Sifa zangu zilikuwa zimefika mbali, mpaka kwenye shule moja inaitwa Mwangaza, njia ya kwenda mtaa wa Golf.

"Baba Zéphirin, kesho ku masomo beko nalomba niende na muzazi. Papa akijua, ataniua."

"Atakuua mara moja tu, utapumzika," nikamwambia. "Andika hapa siku yako ya kuzaliwa."

Jioni ileile Émile, kinyozi jirani yangu, akaja kuazima koti la kahawia. "Niko na kilio," akasema, macho yake kwenye cherehani. Nikampa koti, nikamwambia awape pole wafiwa.

Asubuhi Léa aliwasha makala, ule mkaa wetu, kwenye jiko la mbabula, akajaza pasi yangu moto, akaiweka mezani kama kila siku, akakimbia shuleni. Umeme wa mtaa wetu una tabia zake, kwa hiyo mimi napiga pasi ya makala. Na mimi si mtu wa kuamka mapema. Niliamka, nikakuta pasi ya moto, nikanyoosha suti ya injinia, nikaenda Mwangaza.

Mkuu wa nidhamu pale alikuwa Madame Wivine, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa na funguo nyingi kiunoni. Alitupokea wazazi wote katika ofisi moja, kwenye benchi moja, ili kila mtu aone aibu ya mwenzake. Ukutani kulikuwa na kanuni za shule. Nilizisoma, maana mtu wa kazi husoma. Mlango unafungwa saa moja na robo. Ni marufuku kucheka wakati wa bendera. Kanuni ya sita ilipigiwa mstari mwekundu: mwanafunzi atakayeleta mzazi wa uongo anafukuzwa siku hiyohiyo, bila kurudi. Na chini kabisa mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu: mzazi atakayepiga kelele ofisini atafagia uwanja.

Nikacheka kidogo moyoni. Mzazi wa uongo! Mama huyu hakujua anacheza na nani.

Mlango ukafunguliwa. La kwanza kuingia lilikuwa koti langu la kahawia. Ndani ya koti alikuwamo Émile. Nyuma ya Émile alikuwa Léa. Kumbe Mwangaza ndiyo ile shule ya siku ya pini.

Eh Mungu wangu. Léa aliniona, uso ukamgeuka majivu. Émile aliniona, akafanya kama mtu aliyekuja kweli kwenye kilio. Akakaa kando yangu.

"Yambo, baba," akanisalimia, kama hatujuani.

"Yambo, baba," nikajibu. Ningesema nini?

"Muzazi wa Léa Kapya!" akaita Madame Wivine.

Miguu yangu ikainuka yenyewe. Nikakohoa, nikaketi tena. Émile akasimama.

"Baba, shie banatudanganya sana hapa," Madame akamwambia. "Kwa ile, kwanza naulizaka maulizo. Mutoto yako iko darasa gani?"

"Ya ine ya sekondari, Madame. Ya mwisho. Miezi tatu tena, anafanya egzame ya Leta."

Ya nne, mwaka wa mtihani wa serikali? Mimi nilijua ya tatu.

"Anasoma nini?"

"Kukata na kushona. Anataka kuwa mushonaji, kama miye baba yake."

Léa mshonaji! Mimi siku zote nilijua anasomea uuguzi. Sijui nani aliniambia. Labda nilijiambia mwenyewe. Na kinyozi huyu, ambaye hajawahi kushika sindano ila kutoa mwiba, alisimama pale ndani ya koti langu anajivuna kwa ajili ya kazi yangu.

"Sawa," Madame akasema. "Sasa, juu ya nini anachelewaka?"

Émile akainamisha kichwa. "Madame, ni kosa yangu. Kila asubui namutumaka kuwasha makala na kuniwekea pasi. Miye nalala tu. Yeye iko na moshi mu macho, saa inapita, miye niko nakoroma. Miye ni baba mubaya, Madame."

"Mubaya sana!" Madame akapiga meza. "Muvivu! Muzee muzima, mutoto anakuwashia pasi kama mufalme! Haya hauna?"

Mimi naweza kuvumilia mengi, ila si kutukanwa nikiwa nimekaa palepale huku mtu mwingine anaitikia "ndiyo, Madame" kwa niaba yangu. Nikaruka.

"Uongo! Mimi si mvivu! Mgongo unaniuma! Na huyu si baba yake, baba yake ni mimi!"

Émile akafumba macho. Ndipo nikaona kanuni ya sita, na mstari wake mwekundu, na Léa aliyesimama chini yake ameshika pindo la sketi niliyomshonea mwenyewe. Miezi mitatu kabla ya mtihani wa mwisho, na mimi na mdomo wangu.

Madame Wivine akavua miwani, akaifuta polepole. "Baba wawili," akasema. "Muzuri. Weye mwenye kulalamika, tujaribu. Mutoto iko darasa gani?"

Ningejibu la nne, nilikuwa nimeshasikia. Lakini nilichanganyikiwa. "La tatu."

"Alizaliwa lini?"

Nikakumbuka mvua kubwa. "Desemba!"

"Tarehe kumi na ine ya mwezi wa saba," Émile akanong'ona. "Wakati ya baridi." Ile mvua, nilikumbuka baadaye, ilikuwa ya siku ya harusi yangu.

"Anaandika na mukono gani?"

Hili nililijua! Kila binadamu anajua! "Wa kuume!"

Madame akamtazama Léa. Léa akainua mkono wake wa kushoto, una wino mpaka kwenye kifundo. Na mimi mwaka mzima nilikuwa nagomba dukani, nani anaharibu mkasi wangu kwa kukata vibaya. Watoto kumi na mmoja niliwajua kwa kichwa, mpaka homa zao. Wangu mmoja nilipata sifuri.

"Léa," akasema Madame. "Semea miye kweli. Baba yako ni nani?"

Léa akamtazama Émile. Akanitazama, machozi yamejaa, na nikajua: akinionyesha mimi, amefukuzwa. Akimwonyesha Émile, itabidi amkane baba yake mbele ya watu. Mtoto wa miaka kumi na minane asibebeshwe mzigo huo, hasa na baba wa Desemba.

"Madame," nikasema, na sijawahi kumeza kitu kichungu namna ile, "nimekosea. Mimi si baba yake. Wangu anafanana na huyu kidogo. Kichwa kinaniuma tangu asubuhi."

"Kinakuuma sana, hata miye naona!" Akanyoosha kidole kwenye ule mstari wa chini wa kanuni. "Ufagio iko nyuma ya mulango."

Nikafagia. Uwanja wa Mwangaza ni mkubwa, na miti yake inaangusha majani kama inalipwa. Saa ya mapumziko watoto wakatoka wote, wakanizunguka, suti ya injinia imejaa vumbi mpaka magotini. Dieumerci, ambaye alikuwa bado anamsubiri baba yake wa kukodi chini ya bendera, alinitazama kwa huzuni kubwa, akaenda kumwita mama yake. Baadaye Émile akapita, Madame Wivine anamsindikiza, anamwambia kwamba mtu anayekubali makosa yake ni mzazi wa mfano. Mzazi wa mfano! Ndani ya koti langu!

Jioni nilimfuata kwenye kibanda chake cha kunyolea. Nilikusudia kumpiga.

"Umejuaje yote yale?" nikamuuliza.

"Anakuyaka kukaa hapa akitoka ku masomo," akasema Émile, anafuta mashine yake. "Anasema, miye nasikiliza. Alianza kwako, Zéphirin. Weye ulikuwa na pini mu kinywa."

Sikumpiga. Nilikaa kwenye kiti chake, akaninyoa ndevu.

Léa alikuwa jikoni anakoroga bukari, ugali wetu. Nilisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kudai. "Mkono wa kushoto tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa, baba."

"Kwa nini hukuniambia shule inaniita?"

"Ungekasirika."

Nikakasirika. Na hilo ndilo lilikuwa jibu lenyewe. Nikachukua kadaftari kangu, nikararua kurasa za watoto wote kumi na mmoja, na Dieumerci juu yake, nikaandika jina lake kwenye ukurasa mtupu. "Haya," nikamwambia. "Anza na ile tarehe." Akaanza kucheka, analia hapohapo, na bukari ikaungua.

Kesho yake niliamka kabla ya jogoo wa jirani. Niliwasha makala mwenyewe. Niliungua kidole, nikatoboa kwa pasi suruali ya mteja ambaye, kwa bahati mbaya, alirudi. Lakini Léa hakuchelewa tena hata siku moja mpaka mtihani. Hortense aliporudi kutoka Pweto alinikuta jikoni na moshi machoni, akauliza nani amekufa.

Mtihani ulipokwisha, Mwangaza wakaita wazazi waje kuona nguo zilizoshonwa na wanafunzi wa mwisho. Nilivaa, nikajipaka mafuta. Léa akanisogelea polepole.

"Baba, usikasirike. Pale ku masomo, baba yangu ni Émile. Weye utakuwa tonton."

Tonton! Mjomba tu! Basi nikaenda kama tonton. Kwenye mstari wa mbele, wa wazazi, walikaa Émile na mke wangu Hortense, bega kwa bega kama bwana na bibi, na Hortense anacheka mpaka kitambaa cha kichwa kinamlegea. Mimi nilikaa nyuma. Nilikuwa nachemka.

Kila mwanafunzi alimvalisha mzazi wake alichoshona. Léa alikuwa ameshona koti, la bluu ya giza, mishono sawasawa, kola imelala vizuri. Mimi mwenyewe nisingeshona vile. Akamvalisha Émile. Ole wake! Mikono ilimfunika vidole, mabega yakamwanguka, akaonekana kama mtoto aliyevaa la babake. Ukumbi ukacheka. Madame Wivine akakunja uso, kalamu tayari kwenye karatasi ya alama.

"Vipimo mubaya kabisa, Léa. Haukupima baba yako?"

"Nilimupima, Madame," Léa akasema. "Nilimupima akiwa nasinzia kwa cherehani. Tonton aijaribu."

Nikasimama. Sijui nilifikaje mbele. Nikaingiza mkono mmoja, nikaingiza wa pili. Koti likakaa. Bega kwenye bega, kiganja kwenye kiganja, hata upande wa kushoto ambao bega langu limeshuka kwa miaka ishirini ya kuinamia cherehani, alikuwa ameukata umeshuka.

Madame Wivine akatazama koti, akanitazama usoni, akamtazama Léa, kisha akaitazama ile kanuni ya sita, iliyobandikwa hata ukumbini, kwa muda mrefu.

"Tonton," akasema mwishoni, "kichwa kilipona?"

"Kilipona, Madame."

"Muzuri. Basi usivue." Akaandika alama, akaenda kwa mwanafunzi mwingine.

Sikulivua. Nililivaa mpaka Katuba, jua la mchana kichwani, jasho linatiririka, Hortense na Émile wananicheka njia nzima. Ukutani kwangu makoti manne bado yanasubiri wenyewe; la Léa peke yake ndilo ambalo mwenyewe alikuja kulichukua.