Bei ya Bendi ya Don Librado

Nilipofungua studio yangu hapa Escuinapa, shangazi Tomasa aliniazima chumba alichokuwa akipikia tamale, yaani unga wa mahindi uliojazwa kamba wa baharini, kwa sharti moja. Mwezi ukiisha kabla bendi hata moja haijanilipa bei niliyoitaja mwenyewe, masufuria yanarudi. Alijua udhaifu wangu. Mimi hata sokoni, muuzaji akipandisha bei, namwomba radhi.

Ikiwa imebaki wiki, akaja Don Librado, mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa la kukumbatiwa, na kiongozi wa bendi ya watu kumi na sita, wote akina Osuna, wote wabishi. Walitaka kurekodi wakipiga pamoja kama wanavyopiga harusini, kisha mimi nichanganye sauti. Nikakaza moyo, nikasema peso elfu moja na mia tano kwa wimbo. Akakubali haraka mno, nami mjinga nikafurahi.

Nani asiyejua kwamba bendi za huku huunganisha nyimbo bila kupumua? Mimi, siku hiyo. Walipiga dakika arobaini na mbili, nyimbo kumi na tatu zimeshikana mikono. Don Librado akafuta jasho, akaniambia huo ulikuwa wimbo mmoja.

"Mmoja?"

"Kwani ulisikia tumenyamaza wapi, binti?"

Nikaifuta rekodi mbele yao. Nikasema tunaanza upya, na bei ni kwa kila maikrofoni. Wakakubali tena. Kufumba na kufumbua, klarineti zote nne zilikuwa zimebanana kwenye maikrofoni moja, ya tatu ikipuliza ndani ya sikio la ya kwanza, na mpiga ngoma ameambiwa asimame popote, yeye atasikika tu. Nikachomoa nyaya.

"Kwa saa," nikasema. "Elfu mbili, na saa ile pale ukutani."

Wakatazamana. Don Librado akahesabu moja, mbili, na wakatoka mbio kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Klarineti zilikimbia, tarumbeta zikazifukuza, mwimbaji akaacha kumalizia maneno. Nyimbo zote kumi na tatu, dakika kumi na tisa. Mimi nilikuwa chini ya meza nimeshika mbavu, nacheka mpaka machozi. Akanilipa theluthi ya saa, na shangazi akaanza kusugua masufuria.

Nilichanganya sauti, nikawapa rekodi yao. Jumamosi ikapigwa kwenye ubatizo, na bibi mmoja akacheza mpaka kiatu kikaruka ukuta. Kufika Jumapili ilikuwa kwenye kila simu ya mji huu, na kila mwenye sherehe anaitaka bendi ile, kwa kasi ile ile.

Siku ya mwisho wa mwezi Don Librado alirudi, midomo imevimba, tuba yake imebebwa na binamu wawili.

"Binti, jana tumekodiwa kwa muda wa saa tano," akasema. "Orodha nzima tumeipiga mara kumi na tano. Tukipunguza kidogo tu, wanatuzomea. Turekodi upya, polepole, watu waizoee hiyo."

Shangazi alikuwa mlangoni, sufuria kubwa mkononi. Safari hii sikuomba radhi.

"Polepole ni elfu ishirini, Don Librado."

Hakubisha. Alihesabu noti zote mezani, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama kuna mahali pa kukaa. Shangazi akaipindua sufuria, akaiweka chini katikati ya studio, na kumwambia akalie hiyo.