Fahali wa Petroli

Wewe unayesoma hapa, usijifanye mgeni. Ulimwona Mbuke akipita na ndoo kichwani na nyingine mkononi, ukageuza uso, ukajifanya unakagua mawingu. Ulifanya hivyo kiangazi cha sabini na tatu, ukarudia sabini na tano. Kuna watu wasiosahau.

Basi kiangazi cha sabini na saba Mbuke alichoka. Boma lao lilikuwa katikati ya mbuga za Usangu, ambako umeme ulisikika redioni tu. Maji ya nyumba na ya ng'ombe yalivutwa kisimani kwa pampu, na pampu ilitegemea jenereta moja kuukuu yenye kifua kibovu: leo inakohoa, kesho imezimika, keshokutwa Mbuke yuko njiani kwenda mtoni, mwendo wa saa mbili.

"Baba Kashindye," alimwambia mumewe, Nkuba, "tafuta jenereta ya akiba. Hii ikizimika tena, maji utachota wewe, na utapita mbele ya rika lako lote, ndoo kichwani."

Nkuba alikuwa na ng'ombe mia mbili na hofu moja tu duniani, nayo ndiyo hiyo. Kesho yake wakapanda lori hadi Ilomba, Mbeya mjini, kwa Isakwisa, muuza mashine kuukuu.

Zilikuwapo mbili. Moja ndogo, ya kijivu, imetulia kama kuku anayeatamia. Nyingine jitu jekundu. Isakwisa alivuta kamba ya ile ndogo, ikawaka papo hapo. Mbuke akamwambia aizime, akangoja ipoe, akaivuta mwenyewe. Ikawaka tena.

"Hii hapa," akasema.

Nkuba hakusikia. Alikuwa akilizunguka lile jekundu, akilipapasa mbavu, akichungulia nyuma yake.

"Huyu anaharisha?" akauliza, akionyesha doa jeusi chini.

"Oili tu hiyo, mzee."

"Hebu mfanye angurume."

Isakwisa akavuta mara tisa. Ya kumi likanguruma hadi mabati ya jirani yakatetemeka. Nkuba akafumba macho kama aliye kanisani.

"Fahali mwenye sauti hii haibiwi," akasema.

"Mimi nataka maji, baba, sitaki ndama."

"Nimenunua madume miaka thelathini, Mama Kashindye. Umewahi kuona nikikosea?"

Mbuke akaanza kuyataja, moja moja, kwa majina. Alipofika la sita, lori likapiga honi.

Walirudi na jekundu. Kutoka barabarani lilikokotwa na maksai, limefungwa juu ya panda kubwa la mti, lile la kuburuzia mizigo. Nkuba akaamuru liachwe hapohapo juu ya panda, kando ya zizi, lizoeane na mifugo.

"Mgeni haingizwi ghafla," akaeleza.

Siku ya tatu, asubuhi, jenereta kuukuu ikakohoa, ikafa. Nkuba akaliendea jekundu, akavuta mpaka jasho likamtoka. Likanguruma.

Zizini kulikuwa na dume la kweli, ambalo kwa miaka minne halikuwa na mpinzani. Likavunja uzio, likainamisha kichwa, likalipiga jekundu pigo moja. Pembe ikanasa kwenye kamba ya panda, na mashine haikuzimika. Dume likashtuka, likatimua mbio, na mashine nyuma yake ikinguruma. Kadiri lilivyokimbia ndivyo lilivyofukuzwa.

"Umeuona moyo wake?" Nkuba akasema, kwa fahari kidogo, kabla hajakumbuka maji.

Mbuke alikuwa ameshakunja kanga, yuko mbioni.

Dume limeshika njia ya mto, kwenye matope, na likizama huko limezama na maji ya nyumba nzima. Nkuba ana goti bovu. Mbuke yuko peke yake, na wewe bado umeketi unasoma. Inuka. Pitia kushoto, kwenye ile migunga, ulitangulie, ushike kamba. Si kesho, si baada ya mkutano wa kijiji. Sasa.