Sweta Lisilo na Mnunuzi

Emanueli alikwenda Ujerumani kusoma muhula mmoja tu, akarudi kijijini kwao Mgwashi anatembea kama mtu aliyekwenda kuumbwa upya. Skafu haikumtoka shingoni hata jua la saa sita likiwaka. Chai ya maziwa aliyoinywa tangu utotoni sasa ilikuwa nzito kwake. Kila alichosema kilianza na "kule kwa wenzetu", na shangazi yake Beatha, aliyekuwa akimenya viazi huku anamsikiliza, alijiuliza wenzetu hao ni akina nani, maana wenzake yeye aliwajua kwa majina na wote walikuwa shambani.

Beatha alikuwa mzee wa kanisa, na kwa miaka mingi ndiye aliyeendesha mnada wa Jumapili. Pale kwao wengi hutoa sadaka ya walichonacho: kabichi, maharage, chupa ya maziwa, kuku. Ibada ikiisha watu hutoka nje, vitu hupangwa mezani, Beatha hupaza sauti, na kinachopatikana huingia kwenye kapu la kanisa. Sauti yake ilifika ng'ambo ya bonde, na ulimi wake haukuwa na breki. Mwanamume akitaja bei ya kubahatisha, alimuuliza mbele ya wote kama na shati alilovaa ameazima.

Kwa hiyo kudharau alikujua vizuri. Ila dharau ya Emanueli ilimshinda kuimeza, na tena ilikuwa imefika kijijini kabla ya mwenyewe.

Ilifikia kwenye simu ya mwalimu Devotha, mtu wa Tanga mjini aliyekuwa akifundisha sekondari ya kata. Emanueli alikuwa amerusha mtandaoni video yake akihutubia wanafunzi wa Kizungu kwa Kiingereza, na ukutani nyuma yake ilikuwepo picha kubwa ya Beatha, mdomo wazi, pengo nje, jogoo akining'inia mkononi kichwa chini. Beatha alimwomba mwalimu amfasirie. Devotha akaanza kusingizia kwamba sauti haisikiki. Beatha akamwambia asimtafutie maneno laini, yeye si mtoto.

"Anasema kijijini kwao watu hawajui biashara," Devotha akasema, macho chini. "Jogoo mmoja wanauziana mchana kutwa. Anayemnunua anamrudisha, anauzwa tena, na jioni hakuna aliyepata faida. Hapo ndipo wanapocheka."

Beatha aliitazama video mpaka mwisho. Picha yake haikumshughulisha sana. Alichokuwa akikitazama ni koti. Emanueli alisimama pale amevaa koti zito jeusi, zipu mpaka kidevuni, na koti lile lilitoka kwa jogoo yuleyule.

Chuo cha Ulaya kilikuwa kimelipa masomo na ndege. Pasipoti, nauli ya kufika Dar es Salaam na nguo za baridi viliachwa kwa Marta, mama yake Emanueli, mjane wa kaka yake Beatha, aliyekuwa na migomba na ng'ombe mmoja aliyekauka maziwa. Beatha akaleta jogoo wake mwenyewe mnadani, akatangaza kwamba ni wa safari ya mtoto wa marehemu. Alen, fundi cherehani, akamnunua, akalipa, kisha akasema, "Narudisha mezani." Ndivyo wafanyavyo wakitaka kumsaidia mtu bila kumtia aibu. Unalipa, unarudisha, mwingine naye analipa. Jogoo aliuzwa mpaka akachoka kupiga kelele. Jioni akachinjwa kumuaga msafiri, na paja alilila Emanueli.

"Mjinga," Beatha akasema, akamrudishia mwalimu simu yake. Alisoma miaka yote hiyo, akapandishwa ndege, na bado hakuweza kutofautisha biashara na msaada. Beatha hakumwonea huruma hata kidogo, na hakuona sababu ya kujifanya anamwonea.

Video ikapita simu kwa simu, hata wasio na simu wakaijua. Watu walikubaliana jambo moja tu, kwamba Marta asiambiwe.

Emanueli aliporudi, Marta akasisitiza atoe sadaka ya shukrani. Kijana akachagua sweta la chuo, lenye jina la chuo kifuani kwa herufi kubwa. Jumamosi alilileta jikoni kwa shangazi yake, akamweleza kwamba si mtumba, kwamba inafaa iwepo bei ya kuanzia, kwamba kule kwa wenzetu mnada una utaratibu wake. Kumwamkia alikumbuka alipokuwa anaondoka. Beatha aliitikia marahaba, akasema atajitahidi. Moyoni alikuwa ameshakata shauri kwamba sweta lile hatalisemea neno moja tamu.

Kesho yake, kabichi na maharage vilikwisha haraka. Beatha akaliinua sweta.

"Sweta la Emanueli. Nani analitaka?"

Fundi Alen aliangalia viatu vyake. Wanawake wa kwaya wakaanza kurekebisha vitenge ambavyo havikuwa na kasoro. Beatha akaita tena, taratibu, akiligeuza mbele na nyuma ili kila mtu alione vizuri asichokitaka. Raha aliyoisikia ilikuwa tamu, hatuwezi kudanganya. Aliuona uso wa kijana ukishuka, na alitaka uendelee kushuka.

"Shangazi, waambie ni jipya," Emanueli akanong'ona.

"Wanaona," Beatha akajibu.

Ndipo akamwona Marta. Alisimama pembeni ya meza, mkononi ameshika yai moja alilolifunga kwenye kitambaa, sadaka yake ambayo alikuwa bado hajaiweka mezani. Hakushangaa kwamba hakuna anayenunua. Beatha alimtazama na kuelewa kwamba anajua kila kitu, huenda tangu siku ya kwanza, na kwamba amekuja hivyohivyo, amevaa gauni lake jema, kumsindikiza mwanawe. Ile raha ikamwishia. Alikuwa amemlenga mtoto, kumbe aliyekuwa anapigwa ni mama. Hakuna kitu kilichowahi kukosa mnunuzi pale, na nyumba ambayo sadaka yake imerudishwa ingesemwa mpaka wajukuu.

Akafungua mdomo alinunue mwenyewe, lakini Marta akamtangulia.

"Mimi nalichukua, wifi," akasema. "Hela sina. Nina yai hili."

"Una hakika?"

"Kuku wangu anaatamia. Litamfaa kwenye kiota."

Hakusema kwa hasira, wala hakumtazama mwanawe. Aliweka yai mezani, akalikunja sweta, jina la chuo kwa ndani, akalibana kwapani.

Beatha akaliinua yai. "La Marta," akasema, na kabla hajaongeza neno fundi Alen alishataja bei, akaja, akalipa.

"Narudisha mezani," akasema. "Kwa ajili ya Marta."

Kwaya ikanunua, ikarudisha. Mwalimu Devotha akanunua, akarudisha. Mwinjilisti Yohane akavua kanzu ya ibada atafute mfuko wake, akanunua, akarudisha. Waliokosa hela walikopa kwa waliosimama karibu. Wanawake walipopita mbele ya Marta walimshika mkono wakimwambia "hongea", asante ya Kishambaa, na Marta aliitikia kwa kichwa. Sauti ya Beatha ilikauka, akaendelea nayo hivyohivyo.

Emanueli akavua skafu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti, akataja bei kubwa kuliko zote. Beatha alimsikia vizuri sana. Akageukia kwaya, akauliza kama kuna mwingine. Kijana akataja tena, na safari hii watu wote walimsikia. Beatha akatazama juu ya kichwa chake kama anayeangalia mvua inatoka upande gani, kisha akafungua mkoba wake mwenyewe.

"Nalinunua mimi," akasema, "na mnada umefungwa."

Akazunguka meza, akamshika mpwa wake mkono, akamfumba kiganja juu ya zile noti azirudishe mfukoni, na kwenye kiganja cha pili akamwekea yai.

"Hela yako kaa nayo. Hili umepewa," akamwambia. "Kalichemshe, ule. Sisi hatujui biashara."

Njia ya kwenda kwa Marta ni ya mteremko, na asubuhi ilikuwa imenyesha. Mama alitangulia na sweta kwapani. Emanueli alishuka nyuma yake polepole, anatafuta pa kukanyaga, yai amelishika kwa mikono miwili.