Ruhusa ya Kwenda Chooni

Mimi sipendi kuzungushwa. Kama una jambo, liseme. Kwa hiyo Bairbre, mke wa mwanangu, aliponiambia jikoni kwangu hapa Tuam kwamba akienda kujifungua mtoto wa pili, mjukuu wangu Neasa atakaa kwa bibi yake mzaa mama wa Carraroe, kule Conamara, wala si kwangu, nilimshukuru kwa kusema waziwazi. Kisha nikaosha kikombe kimoja mpaka nusura nikitoboe.

"Si kwamba tunakukataa, mama," akasema. "Lakini Neasa hajui Kiingereza. Akianza kulia utamwambia nini?"

"Nitambembeleza. Nimelea watatu mimi!"

"Utambembeleza kwa lugha gani?"

Fintan mwanangu alikuwa pale pale anatafuna mkate na siagi, macho kwenye sahani. Huyo ndiye niliyemfundisha mwenyewe kusema "mama". Kaoa Conamara, kakishika Kiayalandi, na sasa nyumba yao nzima inaongea hicho tu. Nikiingia mimi, wote wanageukia Kiingereza kwa adabu, isipokuwa mtoto, maana yeye hana lugha ya pili ya kugeukia. Basi ananyamaza. Ana miaka minne na hajawahi kunisemesha hata neno. Bibi yake wa kule anamwita Mamó, kama watoto wa kule wanavyowaita bibi zao. Mimi haniiti kitu. Ananichungulia kutoka nyuma ya mguu wa mama yake, nikimtazama anajificha. Iliniuma, tena iliniuma sana.

"Unajifungua lini?" nikamuuliza Bairbre.

"Mwisho wa Machi."

"Basi mwisho wa Machi utanikuta naongea Kiayalandi na mwanao. Na atakaa hapa."

Fintan akapaliwa na mkate.

Sasa nisikilizeni. Shuleni nilifundishwa Kiayalandi miaka yote, kama kila mtu wa nchi hii, tena kwa fimbo. Na kama kila mtu wa nchi hii, nimebakiwa na sentensi moja, ile iliyokuwa na faida: "Naomba ruhusa ya kwenda chooni." Hiyo hata uniamshe usingizini nitaisema bila kukwama, kwa sababu usipoisema kwa Kiayalandi sista hakuachii, na wapo waliolowa palepale kwenye benchi. Mengine yote yalishapukutika.

Dada yangu Concepta kafundisha lugha hiyo maisha yake yote, lakini Concepta ana subira ya nyigu. Nilimjaribu mara moja. Nikatamka neno, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Attracta, unaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni!"

Nikamwambia kiazi hicho akile yeye. Hata hivyo ndiye aliyenipa habari za watu wanaokutana Galway kila Jumamosi, chumba cha nyuma cha mkahawa mmoja, wanakunywa chai na kuongea Kiayalandi kujifurahisha tu. "Nenda ukakae na wanafunzi wenzako," akasema. Na kwa kuwa zipu ya koti langu ilikuwa imekufa na mvua inamwagika, akaniazima koti lake la sufu, lile zuri la kanisani.

Mlangoni alinipokea bwana mmoja mnene, vidole vimeingia weusi wa matairi usiotoka kwa sabuni. Akanitazama usoni, akanitazama kifuani, halafu akanivutia kiti utadhani kaja askofu.

"Karibu sana, mama. Mimi Colman," akaninong'oneza kwa Kiingereza, haraka haraka. "Sheria yetu nadhani unaijua. Ukishakaa, Kiingereza marufuku."

Nikakaa. Na hapo ndipo nilipopotea.

Walikuwa wanaongea na kucheka, nimewasikia toka nje. Nilipokaa, kimya. Msichana mmoja wa Kibrazili, anaitwa Thaís, akaanza kusema kitu, akasita, akanitazama. Sasa ananitazamia nini? Nikatikisa kichwa kukubali, ili aendelee na maisha yake. Akafurahi kama kashinda bahati nasibu! Mzee aliyekaa karibu naye akajaribu na yeye. Wakati huo nimepiga funda la chai, imeniunguza ulimi, nikakunja uso. Mzee akakwama katikati ya sentensi, akawa mwekundu, akaanza upya toka mwanzo. Nikakunja uso tena, maana ulimi bado unawaka. Maskini akaacha kabisa, akainamia skonzi yake.

Jamani, nimewafanya nini watu hawa? Nikajikagua. Labda nina uchafu usoni. Labda wananifananisha na mtu. Nikitabasamu wanatabasamu, nikikohoa wanatulia. Kisha Colman akaniinamia kwa heshima, akaniuliza swali refu, refu, lenye vituo, na wote wakageuka wakaningoja mimi. Nilitafuta neno kichwani, lolote lile, nikakuta peupe. Jasho likanitoka ndani ya sufu ya Concepta. Nikasimama wima kama mbele ya sista, nikasema ile moja niliyonayo:

"Naomba ruhusa ya kwenda chooni."

Ikatoka safi! Meza nzima ikaangua kicheko, Colman akapiga kofi mezani mpaka vijiko vikaruka. Walidhani nawatania, kwamba mtaalamu mzima kajishusha kuwachekesha kwa sentensi ya watoto. Nami nikaondoka mbio nikiwa sielewi wanacheka nini.

Chooni nikajitazama kwenye kioo. Uso msafi. Nikashusha macho, na pale kwenye kola ya koti la dada yangu nikaiona pete ndogo ya dhahabu, imechomekwa kwa pini kama beji, inameta. Pete ile naijua. Kila mtu wa rika langu anaijua. Anaivaa aliyebobea, ili ukimwona njiani ujue huyu Kiayalandi anakiongea kama maji, na ukitaka kukiongea msemeshe tu. Lakini nani anakagua kola ya koti la kuazima?

"Concepta, nitakunyonga," nikakiambia kioo.

Nikaichomoa, nikaitia mfukoni, nikarudi kuwaambia ukweli. Nimeshakaa ndipo nikakumbuka: ukweli nitausema kwa lugha gani? Kwa Kiingereza marufuku, kwa Kiayalandi siwezi. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Wakangoja. Mzee wa skonzi akaniuliza kitu kingine kwa woga. Basi, nifanye nini? Nikaomba tena ruhusa ya kwenda chooni.

Safari hii hakuna aliyecheka. Thaís alishika tumbo lake, akaniashiria, kama anauliza linaniuma. Nikamkubalia kwa kichwa. Sikurudi ndani, nikatokea mlango wa nje na mvua ikanipokea.

Colman akanikimbilia na mwavuli wangu.

"Mama! Mama, subiri! Tumekuudhi? Kiayalandi chetu kibovu kiasi hicho?"

Nikalipuka, haki ya Mungu. "Kiayalandi chenu kibovu? Nitajuaje mimi kama kibovu! Sijui kitu! Koti la dada yangu! Nina sentensi moja na nyote mmeisikia, mara mbili!"

Akanikodolea macho, mvua inamtiririka puani. Halafu akaanza kucheka, na kicheko cha mtu mnene hakina breki. "Na sisi tulikuwa tunakufa kwa woga," akasema akijifuta. "Mimi huwa nasema mvua inanyesha, halafu nanyamaza nanywa chai. Leo nilikaza roho nikuulize ulizaliwa wapi. Wiki nzima nimelifanyia mazoezi swali lile!"

"Nimezaliwa Tuam."

"Basi tungemaliza mapema."

Nilitaka kuendelea na hasira, ikagoma. Nikamweleza habari za Neasa, pale pale chini ya mwavuli: kwamba mtoto haniiti jina, kwamba akiletwa kwangu ni sharti niweze kumbembeleza, na kwamba nisipoweza, atakuwa mtoto wa bibi mmoja tu. Nikasikia sauti yangu inatetemeka, nikakasirika tena kwa ajili hiyo.

"Mimi nina karakana ya matairi njia ya Tuam," Colman akasema. "Njoo Jumanne baada ya kufunga. Hakuna wa kutucheka."

Tukaanza hivyo. Thaís naye akawa anakuja akitoka kazini hotelini, na kusema kweli alituzidi wote wawili, mtu kaja nchini juzi! Yeye anasahihisha, mimi nakuwa bibi, Colman anakuwa mtoto. Anakaa juu ya tairi la trekta analia, na anajua kulia yule bwana. Mimi namuuliza: una njaa? Unasikia baridi? Unataka maziwa? Usilie, kipenzi, mama anakuja. Jioni moja mteja kasukuma mlango kuulizia bei ya tairi, kamkuta Colman anafuta kamasi kwa mkono wa ovaroli huku anamlilia mama yake, na mimi nampapasa kichwa. Yule mtu alirudisha mlango polepole, hatukumwona tena.

Nikaanza kujiamini. Nilikuwa naosha vyombo nikimuuliza paka kama ana njaa.

Kumbe mtoto tumboni hakujua kwamba tumepatana mwisho wa Machi. Asubuhi moja, bado siku nyingi, nikasikia gari la Fintan linafunga breki nje. Akaingia hajachana nywele, kambeba Neasa.

"Mama, Bairbre yuko kwenye gari, uchungu umeanza. Mama yake yuko kitandani na homa, hawezi hata kusimama. Sina pengine pa kumpeleka."

Pengine. Nililisikia neno hilo vizuri, nikalimeza. Akambusu mtoto, akamwambia kitu kwa Kiayalandi, akatoka mbio. Gari likaondoka.

Tukabaki mimi na Neasa kwenye ujia, yeye na koti lake jekundu na sungura wa kitambaa, mimi na taulo la vyombo. Hakulia. Ningependa angelia, hicho ndicho nilichofanyia mazoezi. Alisimama tu ananitazama, midomo kaibana.

Nikapiga magoti. Nikafungua mdomo nimuulize kama ana njaa, na maneno yakanikimbia! Jumanne zote zile, tairi lote lile, vyote vimefutika. Nikasema kitu, nadhani nilimwambia yeye ni maziwa. Akarudi nyuma hatua moja. Nikajaribu baridi, ikatoka nusu. Akarudi hatua nyingine mpaka akagusa ukuta. Nikaanza kuongea Kiingereza, pole mama, njoo, kuna keki, na nikauona uso wake unajifunga, uso ule ule wa nyuma ya mguu wa Bairbre. Nikajiambia, Attracta, ndiyo imekwisha. Bairbre alisema kweli.

Ndipo nikaona magoti yake. Alikuwa ameyabana, anajinyonganyonga, sungura kamkandamiza tumboni. Mungu wangu, mtoto kabanwa na mkojo! Na hajui mlango upi, na hana wa kumwuliza, na mimi sina neno la kumwambia "nenda". Nina lile la kuomba tu.

Basi nikasimama. Nikainua mkono juu kama nilivyofundishwa, mimi mwanamke mwenye mvi, kwenye ujia wa nyumba yangu mwenyewe, nikasema kwa sauti:

"Naomba ruhusa ya kwenda chooni."

Neasa akaacha kujinyonganyonga. Akanitazama mkono, akanitazama uso. Na wao kule shule ya chekechea wanaomba hivyo hivyo, kumbe, maana mgongo wake ulinyooka na kidevu kikapanda, akawa mwalimu mtupu. Akafikiri. Kisha akanijibu, polepole, kama mtu anayejua kwamba mwanafunzi wake ni mzito kidogo.

"Ruhusa unayo, Mamó," akasema. "Lakini mimi kwanza."

Nilielewa kila neno. Nikamfungulia mlango, akapita mbio, akaniachia sungura nimshikie.