Nukta Iliyowekwa Barabarani

Watu wa manispaa waliupaka ukuta wangu alama ya X nikiwa kwenye maombi. Nilirudi nikakuta rangi nyekundu ingali mbichi, imechuruzika hadi kwenye kizingiti alichokijenga marehemu mume wangu. Maana yake nyumba iko bondeni, kwenye njia ya mafuriko, ibomolewe. Sikukaa hata kunywa maji. Nilikwenda moja kwa moja ofisi ya ramani, kwa kuwa anayeshika kompyuta ya huko ni mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee.

"Shikamoo, mama," akasema, akinyanyuka nusu.

"Marahaba. Nyumba yangu imeteremka bondeni lini, nami nimelala humo humo?"

Mwenzake wa meza ya pili akachekea puani. Mkwe wangu akasema si yeye, ni ramani. Akaifungua. Ilikuwa viraba tu, kama sakafu ya vigae, na kila kiraba kimebeba namba ya mwinuko wa ardhi pale. Nyumba ni nukta, akanieleza; kompyuta inatazama nukta imeangukia kiraba gani, inachukua namba yake. Akabofya nukta yangu. Kikafunguka kidirisha, na namba kweli ilikuwa ya bondeni.

"Sasa nionyeshe nyumba yenyewe."

Akawasha picha iliyopigwa kutoka angani.

"Bofya hapo, kwenye bati la buluu. Ndipo ulipokalishwa siku ya posa, huwezi kupasahau."

Akabofya. Namba ikapanda juu kabisa, mbali na mafuriko. Ile nukta ilikuwa chini barabarani, kando ya mtaro.

"Nani aliiweka huku?"

Akakuna shingo. "Mimi, mama. Jua lilikuwa kali, na zile ngazi zenu… nikapimia barabarani."

Nilimwomba Mungu aushike ulimi wangu. Aliushika kidogo tu.

"Miguu ya kupanda kuja kula unayo. Ya kupanda kupima huna. Nikafie wapi mimi, kwa uvivu wako?"

"Taratibu, mama, watu wanasikia." Akainama, akanong'ona. "Yako naisogeza sasa hivi. Mkuu hatajua."

"Na za jirani zangu?"

Nilikuwa nimekwisha kuziona. Zote zilijipanga barabarani, mstari mmoja, kama kuku juu ya fito.

"Nikizigusa zote itabidi nijieleze. Kazi itaondoka. Binti yako atakula nini?"

Hapo alinishika pabaya, maana alisema kweli. Nilimfikiria mwanangu. Kisha nikamfikiria mama wa nyumba ya pili, mgonjwa, ambaye hajui hata X ni ya nini. Nitapiga magoti kuomba kando yake vipi, ukuta wangu umefutwa na wake unabomolewa? Hasira ikanirudia upya, na safari hii ilikuwa nzito, haina kelele.

Nikainuka, nikaenda kugonga mlango wa mkuu wake. Nyuma yangu nikasikia kiti kikisukumwa. Akaja akasimama kando yangu, midomo imemvimba kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Sikumtazama.

Mlango ulipofunguliwa nikamwambia mkwe wangu, "Haya, sema mwenyewe. Anza na nyumba ya pili."