Kipa wa Rangi ya Geti

Dobi alikuta chupa ya petroli mezani, kifuniko wazi, na mumewe kakunja mikono ya shati kama mtu anayetaka kuchinja.

"Mzee, na hiyo ya nini?"

"Ya kumvua huyu rangi." Akamwonyesha mwanasesere wa plastiki, urefu wa kidole, mkono mmoja juu, kapakwa rangi ya kijani ya geti, nene mpaka uso haujulikani. "Nimempata kwa muuza mitumba. Kipa, mama watoto! Kaka anakuja kesho, na kila akija ananiimbia: timu haina kipa, timu haina kipa. Kesho atanyamaza."

Kabatini walisimama wachezaji kumi wa jezi za njano. Hao ndio ambao mzee aliwachezesha sakafuni utotoni dhidi ya wekundu wa kaka yake. Beki wa kushoto hakuwa na mguu. Mwezi uliopita mzee alimfuta doa kwa petroli hiyohiyo, mguu ukayeyuka kama mshumaa.

"Beki hakukufunza?"

"Beki alikuwa dhaifu tangu zamani."

Dobi akacheka, akaitoa petroli nje. Miaka thelathini ya kutoa madoa kwenye nguo za watu ilimfundisha hivi: dawa huijaribu kwanza ndani ya pindo, pasipoonekana. Akazima jiko, akafungua madirisha, akavaa glavu. Akamgeuza kipa miguu juu, akamgusa unyayoni kwa pamba yenye spiriti ya duka la dawa. Plastiki haikulainika wala kunata, ila rangi ilianza kukunjamana. Basi akamtosa katika kopo la kioo lenye spiriti, akafunika.

"Sasa?"

"Sasa tunangoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka rangi itake kutoka yenyewe. Ukiikwangua kwa kisu, utatoka na pua yake."

Mzee alizunguka kopo lile asubuhi nzima kama kuku anayetaka kutaga. Alasiri dobi akamtoa kipa, akamsugua taratibu kwa mswaki mkuukuu. Kijani kikabanduka vipande vipande. Chini yake jezi haikuwa ya njano. Ilikuwa nyeusi tii. Bonge la rangi likatoka mdomoni, na hapo pakaonekana filimbi.

"Refa!" mzee akapiga ukelele. "Nimemnunua refa!"

Dobi alijishika mbavu.

"Usinicheke. Lete rangi ya njano."

"Umpake tena? Kaka yako anajua filimbi, mume wangu. Muoshe kwa maji na sabuni, umweke kama alivyo."

Mzee akanuna, lakini akamuosha.

Kesho yake kaka mtu akafungua kabati, akainama, akakodoa macho. Mzee akaangalia dari.

"Kumbe!" kaka akasema. "Refa! Huyu ndiye tuliyemkosa miaka yote ile. Angekuwepo, lile bao lako la mkono lisingekubaliwa!"

"Bao gani la mkono? Ilikuwa kifua!"

"Mkono!"

Wakashuka sakafuni wote wawili, magoti yakilia, kuonyeshana. Habari ya kipa hakuna aliyeiuliza.